Baiskeli nyepesi ya milimani yenye shokapu ndefu: vipuri, vipimo na usafirishaji wake

Mnunuzi wa baiskeli ya milimani yenye shokapu ndefu mara nyingi hanunui baiskeli nzima. Huanza na fremu, kisha huagiza foku, magurudumu, gia na breki kimoja kimoja mpaka apate uzito anaoutaka. Kwa mfanyabiashara wa vipuri hii ni bidhaa ya thamani kubwa inayoingia katika katoni chache. Hatari yake ni moja: habu ya nyuma iliyopishana na fremu kwa milimita 6 tu haifungiki, na hela iliyolipiwa hubaki rafuni pamoja nayo.

Makala haya yanaeleza baiskeli hiyo inavyojengwa, uzito wake unakaa wapi, vipimo gani vihakikiwe kabla ya kulipa, na kwa nini baiskeli ya kilo 13 inaweza kutozwa nauli ya ndege ya kilo 46.

Shokapu ndefu ni ipi

Kinachopimwa ni mwendo wa gurudumu, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda linapogonga jiwe kabla shokapu haijafika mwisho. Baiskeli za mashindano ya kupanda na kushuka vilima huwa na milimita 100 hadi 120. Za matumizi ya kawaida milimani zina 120 hadi 140. Zinazoitwa ndefu zina 150 hadi 170, na za kuteremka tu, ambazo hakuna anayezipandisha kwa miguu akafurahi, hufika 200.

Mambo hayakuanzia hapo. Joe Breeze alipojenga fremu zake za kwanza za milimani huko Marin County, California, mwaka 1977, hazikuwa na shokapu yoyote. Foku ya RockShox RS-1, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na mwendo wa milimita 48 hivi. Mwingine wa kundi lile la California, Tom Ritchey, alifika Rwanda mwaka 2005, na kutokana na safari hiyo ikatengenezwa baiskeli ya mzigo kwa ajili ya wakulima wa kahawa, yenye sehemu ndefu ya nyuma ya kubebea magunia. Fundi yule yule aliyetafuta wepesi kwa wanamichezo aliona kwamba mkulima anahitaji kitu kingine kabisa. Msomaji aibakize tofauti hiyo kichwani, kwa kuwa baiskeli inayoelezwa hapa si ya mzigo. Shokapu yake ya nyuma imepigiwa hesabu ya uzito wa mpanda baiskeli mmoja, na kuifungia keria ya kreti za soda ni kuiua.

Ugumu wa kuijenga unatokana na mgongano wa mahitaji mawili. Mwendo mrefu hutaka foku nene, fremu imara, breki kubwa na tairi nzito. Wepesi hutaka kinyume cha hayo yote. Anayepunguza uzito bila mpango huishia na baiskeli yenye shokapu ya milimita 160 na tairi za kupasuka kwenye kokoto.

Uzito unakaa wapi

Chukua mfano wa baiskeli ya magurudumu ya inchi 29, mwendo wa milimita 150 nyuma na 160 mbele. Fremu ya kaboni pamoja na shokapu yake ya hewa huwa na kilo 3 hivi. Ya alumini hukaribia kilo 4. Foku ya aina ya Fox 36 au RockShox Lyrik ina takriban kilo 2. Magurudumu mawili mazuri ya alumini bila tairi yana kilo 1.8, na tairi mbili za wastani kilo 1.9. Hapo tayari imefika kilo 8.7, na hakuna breki wala gia.

Breki za haidroliki zenye pistoni nne pamoja na disiki zake huongeza karibu gramu 950. Mikono ya pedeli na beringi zake ni gramu 750. Kaseti, mnyororo, kibadilisha gia na swichi yake ni kilo 1.2 hivi. Nguzo ya siti inayoshuka na kupanda kwa kubonyeza kitufe ina gramu 600; ni nzito kuliko nguzo ya kawaida, lakini kwenye mteremko mkali ni kifaa cha usalama na wateja wa baiskeli hizi hawakubali kuikosa. Ukiongeza usukani, siti, pedeli, beringi za shingo, valvu na maji ya kuziba pancha, jumla inafika kilo 13.6 hivi. Chini ya kilo 14 pamoja na pedeli ni matokeo mazuri kwa baiskeli ya aina hii. Muuzaji anayetangaza kilo 12 aulizwe amepima na pedeli au bila pedeli, na kwa tairi gani.

Gramu za bei nafuu na gramu za ghali

Kaseti inaonyesha hesabu hii vizuri kuliko kipuri kingine chochote. Katika familia ya SRAM Eagle ya gia 12, kaseti ya daraja la NX ina uzito wa gramu 615 hivi, ya GX gramu 450, na ya XX1 gramu 355. Kutoka NX kwenda GX mteja anapunguza gramu 165. Kutoka GX kwenda XX1 anapunguza gramu 95 tu, na bei inapanda mara kadhaa. Kwa Shimano hali inafanana: Deore ya gia 12 ina gramu 593 hivi na XT ina 470. Kwa hiyo daraja la kati ndilo lenye faida kwa mteja, na ndilo linalozunguka dukani. Vipuri vya daraja la juu kabisa viagizwe kwa oda iliyolipiwa malipo ya awali.

Gramu za bei nafuu kuliko zote ziko ndani ya tairi. Tyubu mbili za inchi 29 zina gramu 440 hivi. Ukiziondoa na kuweka maji ya kuziba pancha, gramu 200 kwa magurudumu yote mawili, umepunguza gramu 240 kwa gharama ndogo, na ni uzito unaozunguka, ambao mpanda baiskeli huusikia kila anapoongeza kasi. Kwenye njia zenye miiba ya migunga faida ni kubwa zaidi, maana tundu dogo hujiziba lenyewe. Sharti ni kwamba ringi na tairi viwe vya kufungwa bila tyubu, na ringi ivalishwe utepe wake maalumu. Maji hayo hukauka baada ya miezi michache, haraka zaidi penye joto, kwa hiyo mteja atarudi kununua mengine.

Pasipofaa kupunguzwa ni tairi zenyewe, disiki za breki na usukani. Tairi ya gramu 700 inafaa kwa mashindano kwenye njia laini. Kwa baiskeli ya shokapu ndefu, gramu 900 hadi 1,000 ndiyo kima cha busara. Disiki ya mbele iwe ya milimita 200 au 203. Bolti za titani huvutia macho, lakini seti nzima hupunguza makumi machache ya gramu tu. Ni mapambo.

Vipimo vinavyokamata mtaji

Watengenezaji wamebadilisha vipimo mara nyingi tangu miaka ya 2000, na hapa ndipo wafanyabiashara hupoteza fedha. Vipuri vya zamani huuzwa Ulaya kwa bei ya kutupa kwa sababu havina tena fremu ya kuvipokea.

Ekseli ya nyuma ndiyo ya kwanza kuhakikiwa. Fremu za zamani zina upana wa milimita 135, zikaja za 142, na tangu mwaka 2015 hivi nyingi ni za 148, kipimo kinachoitwa Boost. Zipo pia za 157. Mbele, Boost ni milimita 110 kwa ekseli yenye unene wa milimita 15, ilhali kipimo kilichotangulia kilikuwa 100 kwa 15. Maneno “ekseli nene” kwenye oda hayatoshi, iandikwe namba.

Sehemu ya habu inayobeba kaseti nayo ina aina tatu. Ya kwanza ni ya zamani ya Shimano, inayopokea pia kaseti za SRAM NX. Ya pili ni XD ya SRAM, kwa ajili ya GX na kuendelea. Ya tatu ni Micro Spline ya Shimano, kwa kaseti zake za gia 12 za milimani. Kaseti ya aina moja haivai habu ya aina nyingine. Habu nyingi nzuri hukubali kubadilishiwa sehemu hiyo, na duka lenye akiba ya aina zote tatu huokoa mauzo mengi.

Shokapu ya nyuma huandikwa kwa namba mbili: urefu wake kutoka tundu hadi tundu, na mwendo wa pistoni. Shokapu za zamani hupimwa kwa inchi, mfano 7.875 kwa 2.0. Kuanzia mwaka 2016 vilianza kuenea vipimo vya milimita kama 210 kwa 55 na 230 kwa 65. Zipo pia zinazofungwa juu kwa bolti mbili za pembeni badala ya tundu moja. Fremu yenye mwendo wa gurudumu wa milimita 160 na pistoni ya milimita 65 ina uwiano wa wastani wa 2.46, ukiiwekea shokapu nyingine yenye mwendo mrefu zaidi ili “iwe ndefu”, gurudumu linaweza kugonga fremu. Urefu wa shokapu hutoka kwa mtengenezaji wa fremu, hauchaguliwi na fundi.

Foku ina mambo mawili. Shingo yake inaweza kuwa ya unene mmoja wa inchi 1 na 1/8 au ya kupanuka hadi inchi 1.5 chini. Foku ya shingo nyembamba huingia kwenye fremu pana kwa kutumia ringi ya kupunguzia. Kinyume chake hakiwezekani kwenye fremu nyembamba za zamani. Jambo la pili ni urefu. Kuongeza milimita 20 za foku huinua pua ya baiskeli na kulaza pembe ya shingo kwa nyuzi 1 hivi, na watengenezaji wengi hutaja kikomo ambacho ukikivuka dhamana inakufa.

Magurudumu yana mtego unaowahusu zaidi wauzaji wa Afrika Mashariki. Baiskeli nyeusi za mzigo, zile za Phoenix na Hero, hutumia tairi ya 28 kwa 1½, ambayo kipenyo chake cha kukalia ringi ni milimita 635. Tairi ya milimani ya inchi 29 ni milimita 622, pungufu, ingawa jina lake ni kubwa. Ya 27.5 ni 584 na ya 26 ni 559. Namba hizo za milimita huchapishwa ubavuni mwa tairi, mfano 60-622, na ndizo za kuandika kwenye oda.

Kwa fremu mpya ni vizuri kuuliza pia kuhusu kining'inizo cha kibadilisha gia. SRAM ilitoa mwaka 2019 muundo mmoja wa wote unaoitwa UDH, na mfumo wake wa gia uliotoka Machi 2023 hufungwa moja kwa moja kwenye fremu zenye nafasi hiyo tu. Kwa fremu za zamani kila moja ina kining'inizo chake, na kikivunjika safarini hakuna mbadala jirani.

Vitu vya mtumba

Fremu ya alumini iliyotumika hukaguliwa kwenye maungio ya kulehemu na kwenye beringi za viungo vya nyuma. Ya kaboni ni ngumu zaidi kukagua: ufa unaweza kujificha chini ya rangi, na ukarabati mbaya ukapakwa rangi ukang'aa. Mnunuzi adai picha za karibu za sehemu ya chini, ya shingo na ya viungo kabla ya kulipa, na bei iakisi hatari hiyo.

Namba ya fremu, mara nyingi chini ya beringi za pedeli, inakiliwe kwenye ankara. Baiskeli za daraja hili huibwa sana Ulaya na Marekani, na zipo daftari za umma kama BikeRegister ya Uingereza na Bike Index ya Marekani ambako namba huangaliwa. Fremu iliyokwanguliwa namba isinunuliwe kwa bei yoyote.

Kuunganisha

Spana ya kupimia nguvu si anasa hapa. Bolti za kushikia usukani wa kaboni kwa kawaida hukazwa kwa Nm 5, na fundi anayekaza kwa hisia za mkono huupasua bila kusikia. Mfuniko wa kaseti kwa upande wake unataka Nm 40.

Shokapu na foku za hewa hujazwa kwa pampu yake maalumu ya msukumo mkubwa, inayofika psi 300. Kompresa ya gereji haifiki huko na valvu yake hupoteza hewa wakati wa kuchomoa. Mpanda baiskeli akikaa, shokapu ididimie asilimia 25 hadi 30. Kwa pistoni ya milimita 65 hiyo ni milimita 16 hadi 20, na hupimwa kwa ringi ndogo ya mpira iliyo kwenye pistoni.

Mafuta ya breki yasichanganywe. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Nyingi za SRAM hutumia DOT 5.1 au DOT 4, ile ile ya duka la spea za magari, ila baadhi ya mpya kama DB8 na Maven ni za mafuta ya madini. DOT ikiingia kwenye breki ya Shimano, mipira yake ya ndani huvimba na breki inakwisha. DOT 5, yenye silikoni, haifai kwa yoyote kati ya hizo.

RockShox huelekeza foku na shokapu zake zifunguliwe kwa huduma ndogo kila baada ya saa 50 za matumizi. Kwenye vumbi jekundu mtu asisubiri zaidi ya hapo. Seti za sili ni bidhaa ndogo, nyepesi na za kujirudia, na muuzaji anayeuza foku bila kuweka sili zake anamwachia mwingine faida.

Nauli hufuata ukubwa wa katoni

Katoni ya baiskeli iliyofunguliwa magurudumu ina kama sentimita 140 kwa 80 kwa 25. Hizo ni sentimita za ujazo 280,000. Mashirika ya ndege hugawanya kwa 6,000 kupata uzito wa kutozwa: kilo 46.7. Kampuni nyingi za vifurushi hugawanya kwa 5,000: kilo 56. Baiskeli iwe ya kilo 13 au 17, nauli ni ile ile. Mteja aliyelipa dola mia kadhaa kupunguza kilo moja asitegemee kuirudisha kwenye usafiri.

Kutenganisha katoni hakusaidii kama wengi wanavyodhani. Fremu peke yake (100 kwa 60 kwa 25) ni kilo 25 za nauli, magurudumu (80 kwa 80 kwa 25) kilo 26.7, na katoni ya foku na vidogo (80 kwa 30 kwa 30) kilo 12. Jumla kilo 63.7. Kinacholipa ni kuleta ringi, spoku na habu zikiwa hazijafungwa, ringi nyingi zikipangwa moja ndani ya ujazo wa nyingine, na fundi kusuka magurudumu hapa. Kwa meli, katoni moja ya baiskeli ni mita za ujazo 0.28, katoni tatu hazijazi mita moja ya ujazo, na mzigo wa kuchangia kontena mara nyingi hutozwa kima cha chini cha mita moja. Mwenye oda ya baiskeli moja akisubiri wenzake wawili hulipa theluthi.

Betri za gia za kielektroniki ni za lithiamu. Tangu Aprili 2016 betri za namna hiyo zikisafirishwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi nayo ni bidhaa ya hatari kwa ndege. Kimoja kati ya vitu hivyo kikifichwa ndani ya katoni, shehena yote inaweza kuzuiwa.

Kwenye forodha

Baiskeli nzima isiyo na mota iko kwenye kichwa 8712 cha orodha ya kimataifa ya bidhaa. Vipuri vimetawanyika: fremu na foku 8714.91, ringi na spoku 8714.92, habu 8714.93, breki 8714.94, siti 8714.95, pedeli na mikono yake 8714.96. Tairi ziko mbali kabisa, 4011.50, tyubu 4013.20, na mnyororo 7315.11. Ankara iliyoandikwa “vipuri vya baiskeli” kwa mstari mmoja humlazimisha ofisa kufungua katoni zote.

Kuna kanuni ambayo waagizaji huisahau. Kanuni ya 2(a) ya tafsiri ya orodha hiyo inasema bidhaa iliyoletwa ikiwa haijaunganishwa huainishwa kama bidhaa nzima. Anayeleta vipuri vyote vya baiskeli moja katika shehena moja ajiandae kuhesabiwa chini ya 8712, hata kama hakuna bolti iliyokazwa. Kubadilisha maelezo ili kufuata ushuru wa chini ni kosa, na wakala wa forodha anayelishauri hatakuwa yeye anayelipa faini.

Mzigo unaoshukia Mombasa au Dar es Salaam kwenda Kampala au Kigali hutangazwa na kulipiwa ushuru katika nchi unakokwenda, chini ya utaratibu wa himaya moja ya forodha ulioanza mwaka 2014. Aliyeunganisha baiskeli hizo Nairobi kisha akataka kuziuza Arusha asidhani zimepata uasili wa Afrika Mashariki: Kanuni za Uasili wa Bidhaa za Jumuiya za mwaka 2015 hazihesabu uunganishaji wa kawaida wa vipuri kuwa uzalishaji. Kwa sababu hiyo cheti rahisi cha uasili, kinachotumiwa na wafanyabiashara wadogo kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, hakizifuniki. Zinavuka kama bidhaa ya nje, na nyaraka za ushuru uliolipwa bandarini zitembee pamoja nazo hadi kwa mnunuzi.